Mwaka Nilipopima Uji wa Watani

Milembe hunipigia simu mara moja kwa mwaka kunitaarifu kwamba amekufa. Hachagui wakati mzuri. Mwaka juzi nilikuwa nasimamia mtihani, mwaka jana nilikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi. "Mtani," husema kwa sauti ya msiba, "nimefariki. Kila kitu kipo tayari, unasubiriwa wewe tu uje kuzika. Njoo na nazi." Nami humjibu kwamba sisi Wazaramo hatuziki maiti inayoongea, akishanyamaza anijulishe. Tunacheka, tunaulizana habari za watoto na za magoti, tunakata simu. Mwaka huu aliongeza neno. "Nimefariki, ndiyo, lakini kabla hujanizika kuna mwanangu anaagwa kwenda kwa mume Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukikosa, mtani, usije hata kwenye arobaini yangu."

Basi nikapanda basi la Kahama na kiroba cha nazi chini ya kiti. Kila dereva alipokanyaga breki, nazi zilitoka kwenda kuwasalimia abiria wengine, nami, mwanamke wa makamo mwenye miwani na shahada mbili, nikawa nazifuata kwa magoti kati ya miguu ya watu. Niliwasili nimechoka, nikakaribishwa sebuleni kwa Milembe, nyuma ya mashine ya mpunga ya mumewe, katika kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma mpaka huoni rangi yake. Ukutani, juu ya televisheni, ilikuwepo picha moja niliyoifahamu. Nilikuwa sijaiona tangu ilipotoka Rwamgasa, kijiji cha wachimbaji dhahabu huko Geita. Kijana mrefu mwenye shati la mikono mirefu, uso mwembamba, macho yaliyomkazia mpiga picha kana kwamba anamdai. Huyo ni Shija, baba yake Milembe. Nilipomwona nikajikuta nimerudi katika mwaka ule, na kama kawaida yangu ninaporudi huko, jambo la kwanza nililosikia ni harufu ya karanga.

Harufu hiyo ilikuwa ya chumba changu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, shahada moja, na uhakika wa mtu mwenye shahada moja. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa mtafiti msaidizi wa daktari mmoja wa Mwanza, ambaye hapa nitamwita Dokta tu, na nikapangishiwa chumba katika nyumba ya Bibi Holo, nje kidogo ya Rwamgasa. Kabla yangu chumba kilikuwa ghala la karanga, na panya wa chumba hicho hawakupata taarifa ya mabadiliko. Swali la utafiti wetu lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulijibu. Kuna saratani ya koo la chakula, ile inayoanza kwa mtu kushindwa kumeza ugali, kisha uji, mwisho hata maji. Je, inamjia mtu kwa sababu ya namna anavyoishi, au kwa sababu ya damu aliyozaliwa nayo? Ili kujibu, nilipewa dodoso refu, vichupa vya kukusanyia mate ya kwenda maabara kupimwa vinasaba, na kipimajoto kirefu kama sindano ya kushonea magunia, cha kutumbukiza katika chai na uji wa watu kabla hawajanywa. Jaribu wewe kuingia nyumba usiyoijua asubuhi, useme shikamoo, kisha utumbukize chuma katika kikombe cha baba mwenye nyumba. Ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Nyumba ya Bibi Holo haikuwa imechaguliwa kwa bahati. Wanaume watatu wa nyumba hiyo walikuwa wamekufa kwa koo: Mzee Jilala, mume wa bibi, kisha mdogo wake Mzee Jilala, kisha Shija, ambaye wote walimtaja kama kifungua mimba wa nyumba ile. Dokta alipokuja na gari lake mwanzoni mwa mwezi na kuuona mchoro wa ukoo nilioutengeneza, miraba mitatu imepakwa wino mweusi, miwili sambamba na wa tatu chini yake, alisugua viganja. "Unaona inavyoshuka? Baba, mtoto. Familia hii ni dhahabu, binti yangu." Tulikuwa tumesimama mita chache kutoka kwenye karasha, mashine inayosaga mawe ya wachimbaji, inayonguruma kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kila mtu wa Rwamgasa aliongea kwa kupiga kelele, hata aliposimulia siri. Kwa hiyo Dokta aliyapigia kelele maneno hayo, na majirani wawili wakageuka kutafuta ni nani amepata dhahabu.

Kuhusu namna ya kuishi, sikuhitaji dodoso. Nilihitaji kukaa tu na kula. Bibi Holo alipika uji wa mtama katika sufuria nyeusi, na uji huo ulitoka jikoni ukiwa bado unatokota, ukamiminwa katika vibuyu vinavyotunza joto kuliko chupa ya chai. Walikunywa hapo hapo. Mimi nilipuliza. "Tazama Mzaramo anavyoushangilia uji," Bibi Holo alisema siku ya kwanza. "Unadhani ni birthday?" Nilimwambia ni wa moto mno. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, uji uliopoa ni wa mgonjwa na wa mbwa. Wewe ni nani kati ya hao?" Jioni ugali ulikuja mlima mzima, na mwanamume aliyekuwa wa kwanza kutia mkono na kumeza bila kuukunja uso ndiye aliyepewa kipande cha sato chenye kichwa. Mzee Jilala, nilielezwa kwa fahari, hakuwahi kushindwa shindano hilo na mtu wa rika lake. Niliandika. Shija, nilielezwa, alianza kumshinda mzee alipofika umri wa kubalehe. Niliandika hilo pia. Sikuona kitu.

Shida ilikuwa upande wa damu. Chuoni tulifundishwa kwamba mtafiti hachezi na watu, hataniani nao, haonyeshi anachofikiri, asije akawaelekeza majibu. Nililishika somo hilo kama msahafu. Nilikaa kwenye kigoda, mgongo wima, nikauliza kwa Kiswahili cha taarifa ya habari: "Je, kuna mtu yeyote katika ukoo wako wa damu aliyewahi kuugua ugonjwa wa kushindwa kumeza?" Hakuna. "Baba yako mzazi alifariki kwa nini?" Alikufa tu. "Kwa ugonjwa gani?" Wa kumaliza siku zake. Kijiji kizima, kwa mujibu wa dodoso langu, kilikuwa kikifa kwa kumaliza siku zake. Na vichupa vya mate navyo vilikuwa na mambo yake. Nilimweleza Bibi Holo kwa kirefu kwamba nahitaji mate yake kidogo, ni muhimu sana, yatasaidia wajukuu wake. Alielewa vizuri, kwa namna yake. Akanivuta karibu, akakusanya mate kwa utulivu, akanitemea kifuani rasharasha kama mzee anavyombariki mtoto anayesafiri. "Nenda ukazae," akasema. Kichupa kilikuwa mkononi mwangu, kikavu. Ilibidi tubarikiane upya kesho yake.

Milembe yeye alikataa kabisa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mcheshi, mwenye mikono yenye nguvu ya kukanda chapati, aliyeuza chai na chapati kwenye kibanda karibu na karasha. Wachimbaji walitoka kwenye duara, yale mashimo yao, wakiwa weupe kwa vumbi kama waliopakwa unga, na yeye aliwakaripia wakanawe kabla hawajaketi. Alinisaidia kwa kila kitu: alinitafsiria Kisukuma, alinifulia kitenge, aliwafukuza panya. Lakini nilipomletea kichupa aliondoa tabasamu. "Andika umenikosa," alisema. Nikadhani anaogopa uchawi. Nikampa hotuba ndefu kuhusu maabara, usiri na maendeleo ya sayansi, hotuba nzuri sana, mpaka leo naikumbuka kwa aibu. Alinisikiliza hadi mwisho, akageuza chapati, akasema, "Umemaliza? Nipishe mwiko."

Nilijua ana jambo moja linalomkosesha usingizi. Luhende, kijana wa Kahama aliyekuwa akija Rwamgasa kuuza mchele kwa mamantilie, alitaka kumuoa. Walipendana bila kificho; Luhende alikuwa akishusha magunia kwenye kibanda chake kwanza, kisha kwa wengine, na kila mtu alijua kibanda kile hakipiki wali. Ila huko Kahama, shangazi yake Luhende, mwanamke aliyewalea wadogo zake wote na ambaye neno lake halivukwi na hata mmoja wao, alikuwa amesikia habari za nyumba ya Bibi Holo. Aliwatuma watu na ujumbe: "Huo ni ukoo wa koo. Watoto wa mdogo wangu hawatazaa watoto wa kufa na njaa mbele ya chakula." Wangekuja safari moja tu, baada ya mavuno ya mpunga, kuzungumza. Wakiridhika, mahari itatajwa. Wasiporidhika, watakunywa uji na kuondoka. Milembe alinieleza haya akiwa amenipa kisogo, akikanda unga kwa nguvu kuliko unga ulivyohitaji.

Kilichobadilisha mwaka wangu ni msiba. Alifariki jirani, Mzee Malale, fundi baiskeli. Nilikwenda nimejifunga kanga, nikaketi na kina mama, nikainamisha kichwa, nikatoa machozi ya kiasi, ya mtafiti. Mzee mmoja wa kamati ya mazishi akaniuliza kwa upole mimi ni mwenyeji wa wapi. "Kisarawe." Kabila? "Mzaramo." Palizuka zogo utadhani nimejitaja kuwa mwizi. "Mzaramo! Mzaramo amekaa hapa analia kama mtu!" "Tumetafuta mtani tangu jana, kumbe kajificha kwa Bibi Holo anapima uji!" Nilijua, kama kila Mzaramo anavyojua, kwamba sisi na Wasukuma ni watani tangu enzi za wapagazi waliokuja Pwani. Nilijua kama mtu anavyojua jina la babu wa babu yake; sikudhani kuna kazi imeambatana nalo. Kumbe mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha msibani, kumwiga marehemu, kusema lisilosemwa, na hakuna wa kununa. Nilinyang'anywa viatu. Nikasukumwa mbele ya jeneza. "Fanya kazi yako, mwana wa nazi! La sivyo mzee haendi kokote!"

Nilisimama mbele ya watu mia, peku, na shahada yangu. Nimwige vipi mtu niliyekutana naye mara moja tu? Lakini mara hiyo moja nilikuwa nimempimia chai. Nikakumbuka. Nikachukua kikombe cha mtu, nikakaa kwenye jiwe kama alivyokaa Mzee Malale kwenye benchi lake la ufundi, nikakishika kwa mikono miwili, nikafumba jicho moja, nikavuta chai ya hewa kwa mlio mrefu kama tairi linalotoka upepo, nikatikisa bega la kushoto kwa maumivu, kisha nikasema kwa sauti yake nzito: "Haijachemka hii." Halafu sauti ya kwanza iliyocheka ilikuwa ya mjane wake. Alicheka akishika tumbo, akilia hapohapo. "Ndiye! Huyo ndiye mwenyewe! Miaka yote ananiambia haijachemka!" Msiba mzima ukamfuata. Nimefundisha kwa miaka mingi tangu siku ile, nimetoa mihadhara katika kumbi zenye viyoyozi, na sijawahi kupata umati ulionielewa vizuri namna hiyo.

Baada ya hapo milango ilifunguka yenyewe. Sikukaa tena mgongo wima. Niliingia nyumba za watu nikisalimu kwa Kisukuma na kutukana. "Mwangaluka, wala michembe ya viazi! Nani kati yenu anakufa mwaka huu, nijue nazi ngapi nilete?" Nao wakajibu matusi kwa matusi, na ndani ya matusi hayo nilipata kila nilichokosa: nani alishindwa kumeza, alivuta nini, alikunywa gongo kiasi gani, mama yake alikufaje, na babu yake. Dokta alipoona dodoso zimejaa aliniuliza nimetumia mbinu gani. Nikamwambia nimejenga uhusiano na jamii. Alipendezwa. Sikumwambia kwamba uhusiano wenyewe ulihusu kuwaita wazee wa watu vichwa vya kambale.

Jioni moja tulikuwa sebuleni kwa Bibi Holo tukimenya karanga, mimi, bibi na Milembe. Taa ya chemli ilimulika picha za ukutani: Mzee Jilala, mdogo wake, na Shija. Katika hali yangu mpya ya kuropoka, nikasema, "Bibi, wanaume wa nyumba hii wote wana pua kama mwiko wa ugali. Mzee huyu mwiko, mdogo wake mwiko. Huyu Shija nani alimpa pua ya Kizinza? Mlimwokota mnadani mkichagua ng'ombe?" Nilisema nikicheka. Nikasikia karanga ya Milembe ikianguka sakafuni.

Bibi Holo aliweka ungo chini. Nilidhani nimevunja kitu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka bila sauti, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Wabeja, mtani," alisema. Ahsante. "Nimekaa na neno hili kifuani tangu ujana. Mwenye nyumba haruhusiwi kulisema. Ndugu haruhusiwi. Umelisema wewe, basi limesemwa." Akanieleza. Shija alikuja amefuata kundi la ng'ombe kutoka Uzinza, mtoto asiye na mtu, tumbo limebonyea. Mzee Jilala alimkuta asubuhi amelala na ndama. Akamwambia, ingia, uji uko tayari. Akanywa, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kutamka kwamba yeye si wa tumbo la Holo. Alitolewa mahari kwa ng'ombe wa nyumba ile, alirithi, alizika. "Ni mwanangu," alisema bibi. "Sikumzaa, basi. Hilo tu."

Nililala siku hiyo nikiutazama mchoro wangu wa ukoo kichwani. Mmoja wa ile miraba mitatu myeusi haukuwa na undugu wowote wa damu na miwili mingine. Shija hakurithi chochote mwilini mwa Mzee Jilala. Walichoshirikiana ni sufuria. Na nilikuwa nimeelewa, kwa kuchelewa kama kawaida yangu, kwa nini Milembe alikataa kutema mate. Hakuogopa uchawi. Aliogopa kichupa kitasema.

Kesho yake nilikwenda kibandani nikiwa nimejaa furaha ya kijinga. Nilimwambia yote yamekwisha! Tumwambie yule shangazi wa Kahama: wewe si damu yao. Hata kama ugonjwa huu unashuka kwa damu, kwako haushuki. Luhende ni wako. Milembe aliwasikiliza kwanza wateja wawili, akawapa chai, akanivuta nyuma ya kibanda ambako karasha lilinguruma sana kiasi kwamba ilibidi anipigie kelele sikioni neno alilotaka liwe siri. "Halafu niwe nani?" alisema. "Nikiwa si wao, bibi atapokea mahari ya nani? Baba zangu wadogo watasimama upande gani siku ya ndoa? Nitaolewa kama mbuzi aliyepotea? Mtani, nampenda Luhende. Lakini sitamnunua kwa kumuuza baba yangu. Umeahidi usiri katika ile hotuba yako. Nilikuwa nasikiliza." Kumbe mtu mmoja duniani alikuwa ameisikiliza.

Nilibaki nimekamatwa. Ninalo jibu linaloweza kumpa mume, na nimekatazwa kulitoa, na nimekatazwa kwa haki. Katika wiki za kungoja wageni nilifanya jambo pekee nililoweza: nilitafuta upande wa pili. Mzee Jilala alikuwa na dada wa tumbo moja, Kwandu, aliyeolewa zamani na mtu wa mgodi wa almasi, Mwadui. Huyo alikuwa na damu yote ya nyumba ile, na hakuwa amekunywa uji wa nyumba hiyo tangu usichana. Nilimkuta katika nyumba ndogo ya kampuni yenye bustani iliyokatwa kwa mstari, mzee kuliko kaka zake walivyowahi kuwa, anatafuna muwa. Alinimiminia chai, akaimimina yake kwenye kisosi, akaisubiri huku akinieleza habari za majirani wote wa mtaa, akanywa ilipokuwa vuguvugu. "Marehemu mume wangu alijifunza kwa wazungu wa mgodi," alisema. "Mwanzoni nilimcheka. Nilimwambia unakunywa kama paka." Nilimpima chai, nikampima koo kwa maswali, nikarudi nikikaribia kucheka peke yangu njiani. Lakini Dokta, nilipomweleza habari za Kwandu tu, bila kumgusa Shija, aliinua kidole. Mtu mmoja si ushahidi. Huenda Kwandu ana bahati. Huenda damu ipo na imelala. Huenda ni vyote viwili, damu inaweka kuni na uji unawasha. Alikuwa sahihi, na usahihi wake uliniudhi mwezi mzima. Kuhusu Shija nilimwambia tu kwamba mwenye nyumba ameomba mraba ule uondolewe. Alinitazama juu ya miwani, akaufuta bila kuuliza, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Wageni wa Kahama walifika baada ya mavuno: wazee wawili, Luhende aliyevaa suti iliyomzidi, na shangazi. Alikuwa mnene, mtulivu, macho yake yakipita kwenye picha za ukutani kama mtu anayehesabu makaburi. Waliketi sebuleni na baba wadogo wa Milembe. Sisi tulikuwa jikoni, masikio yamebandikwa kwenye ukuta wa udongo. Tuliwasikia wakisifiana, wakiulizana mvua, kisha shangazi akasema bila kuinua sauti: "Tunawaheshimu. Lakini hii nyumba ina ugonjwa wake, na sisi tunataka wajukuu." Bibi Holo, jikoni, alikuwa amekaa kwenye kigoda akiutazama moto. Niliona midomo yake inaanza kufunguka, na nikajua anataka kwenda kusema mwenyewe. Alikuwa tayari kumpoteza Shija ili Milembe aolewe. Milembe alimshika mkono, akatikisa kichwa.

Nikachukua birika, nikachukua kipimajoto, nikaingia. Mtu asiyeitwa haingii kikao hicho. Mtani huingia popote.

"Huyu nani?" shangazi aliuliza.

"Mzaramo wetu," mmoja wa baba wadogo akasema kwa kukata tamaa. "Hana adabu. Mvumilieni."

Niliwamiminia wote chai iliyotoka motoni. Nikapiga magoti mbele ya shangazi, nikamwambia, "Shikamoo, shangazi. Kunywa, usinijali." Yeye, mwanamke wa heshima, akanywa. Akavuta funda zima, bila kupuliza, bila kukunja uso. Nikatumbukiza kipimajoto katika kikombe chake, nikakisoma, nikapiga ukelele wa msiba.

"Jamani! Ndoa haipo! Rudisheni ng'ombe nyumbani!" Watu wote wakasimama. "Nimepima chai kutoka hapa hadi Geita. Hakuna anywaye chai ya moto hivi ila watu wa nyumba hii. Shangazi, wewe ni wa kwetu! Kama ugonjwa huu ni wa ukoo, basi wewe ni dada yake Mzee Jilala aliyepotea, na Luhende ni ndugu yake Milembe, na ndugu hawaoani. Bibi Holo, njoo umpokee wifi yako!"

Luhende ndiye aliyeanza, akacheka ndani ya ile suti mpaka ikamkaa. Baba wadogo wakafuata. Shangazi alijitahidi. Alikaza shavu, akatazama dari, akatazama kikombe, kisha kicheko kikamtoka kama kikohozi, akanipiga begani kwa mkono mzito. "Mwana haramu wa Pwani," alisema, na hapo nikajua tumefika. Lakini hakuwa mtu wa kudanganywa kwa kicheko. Alipotulia aliniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini, si ya utani. "Wewe umesoma. Niambie. Ni ya damu au si ya damu?"

Nyuma ya ukuta, najua, Milembe alikuwa anasikiliza. Nikamwambia shangazi ukweli wote niliokuwa na haki ya kuutoa. Hatujui. Labda damu ina sehemu yake, na hakuna ukoo usio na damu mbaya mahali fulani. Ila yupo dada yake Mzee Jilala, tumbo moja, Mwadui, anatafuna muwa, na chai yake huingojea ipoe. Damu ya Milembe siwezi kuibadilisha, wala yako. Sufuria naweza kuiepua mapema. "Na wewe, shangazi, uanze leo. Nakuhitaji kwenye harusi." Akaitazama ile chai. Akaiweka chini, juu ya meza, kwa uangalifu kama mtu anayelaza mtoto. "Tutaje basi mahari," alisema, "wakati hii inapoa."

Utafiti wetu ulikuja kuchapishwa. Uliandikwa kwa makini na ulimalizika, kama tafiti zote nilizowahi kushiriki, kwa kusema utafiti zaidi unahitajika. Sikubaliani na wanaolicheka neno hilo. Ni neno la watu waaminifu. Mimi mwenyewe niliacha maabara baadaye, nikahamia kuandika na kufundisha, kwa sababu niligundua napenda zaidi mazungumzo yanayoizunguka chai kuliko joto lake. Bibi Holo aliishi miaka mingi, akafa kwa kumaliza siku zake, safari hii kweli. Na majuzi, tukiwa tunasubiri sendofu ya kumuaga binti ianze, nilimuuliza Milembe kama naweza kuiandika habari ya baba yake, majina yakibadilishwa. Alitazama picha ukutani. "Andika," alisema. "Bibi amepumzika, mahari yangu ililiwa zamani, na hakuna wa kunitoa tena kwenye nyumba ile. Andika alikuja na ng'ombe akaambiwa uji uko tayari. Nataka wanangu walijue hilo."

Jioni hiyo, kabla ya muziki kufunguliwa, kina mama wa ukoo waliletewa chai na maandazi chini ya turubai. Binti anayeagwa aliimimina mwenyewe, mvuke ukipanda kwenye kope zake. Kila mtu alipokea kikombe chake. Na hakuna aliyekunywa. Walikaa wameviweka mapajani, wakizungumza habari za mvua na za bei ya mchele, akiwemo yule shangazi, sasa mkongwe wa fimbo. Mimi nilikuwa sijala tangu Shinyanga. Nilingoja sala, haikuja. Nikamwinamia bibi harusi, nikamuuliza tunangoja nini.

"Tunamngoja Mzaramo," alisema, kama mtu anavyosema tunangoja maji yachemke.

Nilinyoosha mgongo, nikaweka sawa miwani, nikasema, "Mwanangu, nimefika. Ndiye mimi."

Alinitazama kwa adabu, bila kuelewa. Ilibidi mama yake aingilie kati, machozi ya kicheko yakimharibia poda. "Kaa chini, mtani. Kwetu ndivyo tunavyosema chai ikiwa bado ya moto, tangu bibi alipokuwa hai. Hawa watoto wanadhani Mzaramo ni aina ya upepo."

Nikakaa. Nikakiweka kikombe changu pajani kama wenzangu, nami nikaanza kumngoja.